Mikono Mitupu Kuanzia Kiwiko

Kwa miaka kumi na saba nilikuwa mjane kila asubuhi ya kazi, na mume wangu akifufuka jioni nikimaliza kazi. Hayo si maneno yangu. Ni ya mama mkwe wangu, na aliyasema mezani mbele ya wageni huku akinipakulia dengu. Wageni walicheka. Mimi sikucheka, nikaomba na chapati.

Kazi yangu ni kuchukua damu. Nasukuma kigari cha sindano na vichupa kutoka wodi hadi wodi katika hospitali moja ya London, namfunga mgonjwa mkanda mkononi, natafuta mshipa, namchoma, namwomba radhi, naenda kwa mwingine. Sheria ya pale ni moja kwa wote, kuanzia daktari bingwa mpaka mimi: mikono iwe mitupu kuanzia kiwiko kwenda chini. Saa hapana, bangili hapana, uzi wa sala hapana. Shingoni pasining'inie kitu, kwa sababu mgonjwa aliyechanganyikiwa anaweza kukivuta. Pete ya ndoa inaruhusiwa, mradi iwe nyembamba na isiwe na jiwe.

Sasa mimi ni Mhindu wa Mombasa. Nilizaliwa chumba cha nyuma cha duka la vitambaa la baba yangu, nikaolewa, nikaletwa Wembley. Kwetu pete si kitu, ni pambo tu. Mke wa mtu anajulikana kwa bangili mikononi, mkufu wa shanga nyeusi na dhahabu shingoni, na nukta nyekundu katika paji la uso. Bangili zangu ni mbili za dhahabu, moja kila mkono. Mama mkwe alinivisha siku ya harusi kwa nguvu, akinipaka sabuni, kwa kuwa alikuwa amekadiria mkono wangu kwa picha na picha ilimdanganya. Mkufu nilifungwa na mume wangu mbele ya moto. Vitu hivyo havivuliwi. Vinatoka siku moja tu, siku mume anapokufa, na siku hiyo huvui mwenyewe. Wanawake wenzako wanakuvua. Za kioo wanazivunja, za dhahabu wanazitoa kwa maji na sabuni, na nukta wanaifuta kwa kidole.

Aliyeandika sheria ya hospitali alijiuliza ndoa inakaa wapi mwilini, akatazama kidole chake mwenyewe, akapata jibu. Hilo ndilo lililonichoma. Sina ugomvi na sabuni. Nimeona vidonda vilivyooza kwa sababu ya mikono michafu, na najua bangili inabeba nini chini yake. Wangeniambia vua vyote, mimi na wao, ningevua nikanyamaza. Lakini ndoa zao zikapewa ruhusa na yangu ikatiwa kwenye loka la chumba cha kubadilishia nguo. Nilimwandikia meneja barua, nikaomba angalau mkufu niubane kwa pini ndani ya nguo usionekane. Akanijibu kwa upole sana kwamba haiwezekani. Kesho yake nikavua na pete pia. Kama ni mitupu, basi iwe mitupu. Meneja aliniambia pete si lazima kuvua, nikamwambia najua.

Nukta hakuna aliyeikataza. Niliibandua mwenyewe, kwa sababu wagonjwa walikuwa wakiniuliza maana yake wakati nimeshika sindano.

Siku yangu ya kwanza kuvua bangili, ile ya kulia ilikwama kwenye kifundo cha dole gumba. Muuguzi mmoja Mkenya, mwanamke wa kanisa, mcheshi, alinikuta nahangaika, akaniletea mafuta ya kupaka. Aliniambia nisijali, Mungu anajua niko kazini. Nikamwambia Mungu hana neno, tatizo ni mama mkwe. Alicheka mpaka akaegemea loka, na tangu siku hiyo tukawa marafiki.

Mama mkwe, ambaye sote nyumbani tunamwita Ba, hakujua. Nilikuwa nikitoka asubuhi nimevaa kamili na kurudi jioni nimevaa kamili. Nilivua na kuvaa kwenye chumba cha kubadilishia nguo, kama mwizi anayerudisha mali mahali pake kila jioni. Miaka minne ilipita hivyo. Naona aibu hata leo, si kwa kuvua, bali kwa kuficha.

Halafu Ba akaandikiwa miadi ya macho katika hospitali yetu. Jirani alimleta. Nilikuwa nimemwambia nitamfuata kliniki nikipata nafasi, lakini alimaliza mapema, na kwa kuwa alikuwa amenibebea chakula changu nilichokisahau jikoni, akapanda kunitafuta. Nikatoka wodini nasukuma kigari changu, naye yuko katikati ya ujia ameshika kopo la chakula. Alinitazama usoni, akashuka shingoni, akashuka mikononi. Kopo likamponyoka.

"Lini?" akaniuliza. "Amekufa lini?"

Sikumwelewa. Nilidhani anamzungumzia mgonjwa fulani. Nikamuuliza nani, na hilo ndilo kosa langu, kwa sababu yeye alisikia mtu anayejaribu kuficha. Akasema tumemficha mpaka apimwe macho kwanza. Kisha akakaa chini pale pale, juu ya wali uliomwagika, akaanza kumlilia mwanawe kwa sauti ya msibani, akijipiga kifuani, kwa Kigujarati kilichochanganyika na Kiswahili cha Mombasa kama tusemavyo nyumbani. Jirani naye, Mhindu kama sisi, alinitazama mikono, akaelewa alivyoelewa Ba, akaketi kando yake na kulia pia.

Rafiki yangu Mkenya alitoka mbio. Alisikia "mwanangu amekufa" kwa Kiswahili safi, naye alimjua mwana wa Ba ni nani. Akanikumbatia, akaanza kuniombea. Kwa hiyo hapo ujiani walikuwepo wanawake watatu wanaomwomboleza mume wangu, na mimi peke yangu ninayeapa kwamba yu hai, na hakuna aliyenisikiliza.

Nikampigia simu. Hakupokea. Mume wangu alikuwa dereva wa basi, na dereva wa basi hapokei simu akiwa njiani. Nikapiga tena na tena, na kila simu isiyopokelewa Ba alikuwa akiitikia kwa kilio kipya. Walinzi walikuja, na mtu mmoja akaleta kiti cha magurudumu. Ajabu ni mimi mwenyewe. Nilijua niliagana naye asubuhi, nilijua ni mzima, na bado nilianza kujiuliza. Alipiga mwenyewe baada ya nusu saa, amefika mwisho wa ruti Harlesden, anauliza kwa nini nimempigia mara kumi na mbili. Nikampa Ba simu. Aliisikia sauti yake, akasema sauti inaweza kuigizwa, apige kwa picha. Akapiga kwa picha. Ndipo Ba aliponyamaza, akajipangusa wali kwenye sari, akanigeukia.

Aliniambia tutazungumza nyumbani.

Siku ile ile, kabla ya chakula, alimweka mwanawe upande mmoja na mimi upande wa pili, akaniambia nichague kati ya kazi ile na mume. Alisema kila asubuhi ninayovua namwita mauti aje amchukue. Mume wangu alitazama sinia ya mboga kana kwamba jibu limeandikwa mle. Nilimpenda yule mtu, lakini mbele ya mama yake ulimi ulikuwa unamkauka. Nikasema mwenyewe. Nikasema sichagui, nataka vyote viwili, kazi na mume. Na kuanzia kesho sitavulia tena bangili kazini kwa kujificha. Nitavulia hapa jikoni, mbele yake, na jioni nitavaa mbele yake.

Nilifanya hivyo. Saa kumi na mbili asubuhi, Ba akichemsha chai, mimi kwenye sinki na sabuni. Mwanzoni alikuwa akitoka nje. Baadaye alikaa akafumba macho na kusoma dua mpaka nimalize. Alimlazimisha mwanawe ampigie simu kila mapumziko ya kwanza, aseme tu "Ba, nipo," na kukata. Mume wangu alisema hivyo miaka kumi na mitatu, kila siku ya kazi, na Ba hakuchoka kunikata jicho. Nami sikuchoka kuvua. Kama ni ukaidi, sote wawili tulikuwa nao wa kutosha nyumba nzima.

Mwaka juzi mume wangu alikufa kweli. Ilikuwa Jumapili, siku ya mapumziko yake na yangu. Aliinama afunge kamba za viatu twende hekaluni, na hakuinuka. Mimi nilikuwa mlangoni tayari, nimevaa bangili zote mbili, mkufu, na nukta niliyobandika dakika tano kabla. Asubuhi zote zile nilizovua, hakufa. Alikufa siku nimevaa. Sijawahi kuwa na hasira kama niliyokuwa nayo siku ile, na sikuwa na wa kumwelekezea.

Siku ya kumchoma, jeneza lililetwa nyumbani kwanza, kama desturi yetu, likawekwa sebuleni, wazi, ili aagwe kwa maua na sala. Wanaume walitoka nje wasimame kwenye baridi. Wanawake walibaki. Wifi yangu, dada mkubwa wa marehemu, aliyekuja kutoka Leicester na kuushika msiba wote mkononi, alitoka jikoni na bakuli la maji yenye maziwa, kipande cha sabuni na taulo nyeupe mpya. Nyuma yake walikuja shangazi wawili. Nilijua walichokuja kufanya. Bangili zangu ziwekwe miguuni pa mume wangu ziende naye motoni.

Wifi alipiga magoti mbele yangu, akaniomba mikono kwa sauti laini. Nikamwambia sitoi. Alidhani sikusikia, akarudia. Nikarudia.

"Watu wako nje wanasubiri," alisema. "Usimwaibishe ndugu yangu leo."

"Hizi nimezivua kila siku ya kazi akiwa hai," nilisema, "mkaniambia namuua. Leo amekufa mnaniambia nizivue ndiyo nimheshimu. Leo sizivui."

Wifi aliniuliza sasa nitakuwa namvalia nani. Shangazi mmoja akanishika kiwiko, hakunishika kwa ubaya, alinishika kama mtu anayemsaidia mwenzake kuvuka barabara, na hilo lilinitisha zaidi. Nilivuta mkono. Binti yangu, aliyezaliwa hapa, anayetuelewa sote na kutujibu kwa Kiingereza, alisogea akasimama mbele yangu na kuwaambia wasimguse mama yake. Nilikuwa tayari kupigana juu ya jeneza la mume wangu. Nasema kweli, nilikuwa tayari.

Wote wakamgeukia Ba.

Alikuwa ameketi upande wa kichwa cha mwanawe, katika sari nyeupe ya mjane aliyoivaa tangu siku nilipomfahamu. Mikono yake ilikuwa mitupu. Sikuwahi kuiona na kitu. Neno lake ndilo lililokuwa sheria katika chumba kile. Angesema nivuliwe, wangenivua, na sidhani ningeweza kuwashinda wote. Nilimtazama na sikuona usoni pake chochote cha kunisaidia. Nilikumbuka asubuhi zote zile jikoni, macho aliyofumba, dua aliyosoma. Nikajiambia, huyu amesubiri miaka kumi na mitatu nivuliwe kwa haki.

Alimwambia wifi alete bakuli kwake. Wifi akalipeleka, akaliweka sakafuni. Ba alilitazama.

"Mimi nilikuwa na miaka thelathini na moja," alisema. Hakuwa akisema na yeyote hasa. "Zangu zilikuwa za kioo, za kijani. Walizigonga kwa jiwe mlangoni, Mombasa, huyu mtoto yuko mgongoni kwangu. Damu ilitoka hapa." Aligusa kifundo cha mkono wake wa kushoto. "Hakuna aliyeniuliza."

Shangazi mmoja alianza kulia. Mimi sikulia. Nilipita karibu na jeneza, nikapiga magoti mbele ya Ba, nikaanza kuivuta bangili yangu ya kulia. Wifi alishusha pumzi, akadhani nimeshindwa. Nikachovya mkono kwenye maji yake, nikapaka sabuni yake, bangili ikatoka. Nikamshika Ba mkono, ule wenye kovu.

"Basi nakuuliza mimi," nikamwambia. "Ba, nikuvishe?"

Aliishika ile bangili, akaigeuza geuza, akaipima kwa macho. Mkono wake ulikuwa mwembamba. Ingeingia bila sabuni. Nilimwona akitaka. Sitamwacha mtu yeyote aniambie hakutaka.

Kisha akauchukua mkono wangu wa kulia, akanirudishia bangili yangu kwa nguvu ile ile ya siku ya harusi, mpaka mfupa ukaniuma.

"Mimi nimezoea," akasema. "Wewe usizoee."