Moshi Usio na Mti

Mwaka wa 1984 nilimvutisha binti yangu wa miaka sita moshi wa lori, siku kumi na mbili mfululizo, nikiamini namtibu.

Kabla hujanitukana, soma hadi mwisho. Halafu unitukane vizuri.

Naitwa Gollo. Miaka hiyo niliendesha lori la mifugo la mzee Kahin, mfanyabiashara wa hapa Isiolo. Napakia ng'ombe Garbatulla, mara nyingine nafika hadi Sericho, narudi na vumbi mpaka kwenye kope. Lakini mjini nilikuwa mtu. Dereva wa lori wakati ule alisalimiwa hata na watu wasiomjua.

Ukame wa mwaka huo ulitupiga vibaya. Tulibaki na mbuzi tisa tu. Kabale, mke wangu, aliwafuga nyuma ya nyumba, na Bisharo, mtoto wetu wa pekee, alilala chumba kilichopakana na zizi. Harufu ya mkojo wa mbuzi ilichoma pua mpaka machozi yakutoke.

Ndipo Bisharo akaanza kukohoa.

Mimi moja kwa moja nikalaumu mbuzi. Kusema kweli, niliona aibu pia. Dereva mzima, shati limepigwa pasi, halafu mtoto ananuka zizi?

Sasa elewa kitu kimoja. Sisi Waborana hatumimini maziwa kwenye kibuyu hivi hivi. Mama anachoma kijiti cha mti uitwao ejersa, anakiingiza ndani kikiwa bado na moto, na ule moshi unasafisha kibuyu. Maziwa yanakaa bila kuharibika na yananukia vizuri ajabu. Nimekua nikijua hivyo, kwamba moshi unaua kinachooza. Na kila asubuhi nikiwasha lori kwenye banda la mabati, niliona nzi wote wakitimua mbio.

Nikapiga hesabu zangu. Kama moshi wa kijiti unasafisha kibuyu, moshi wa injini kubwa utashindwaje na kifua cha mtoto?

Kabale alinisikiliza mpaka nikamaliza. Alikuwa na kibuyu mkononi.

"Baba Bisharo, mimi siweki mti yoyote kwa kibuyu. Iko mti ukichoma, maziwa inakuwa sumu. Hii moshi yako ni ya mti gani?"

Nilicheka. Nikamwambia hiyo ni dizeli, imetengenezwa kiwandani na watu waliosoma.

"Moshi haina mti mimi siijui," akasema. "Na kitu siijui siweki kwa mtoto."

Nikamwambia aniachie mambo ya magari. Lakini kila asubuhi alikuwa anasimama nje ya banda akitazama.

Nilikuwa namkalisha Bisharo juu ya debe, hatua tatu nyuma ya ekzosi, leso mabegani. Mtoto hakulia. Aliniamini, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Siku ya kumi na mbili nilikuwa na safari ya Sericho. Nikataka kumpa dozi ya mwisho, dozi ya maana. Nikafunga mlango wa banda ili moshi usipotee bure. Nikapanda, nikakanyaga mafuta.

Nilipomwita, hakuitika.

Nikazima injini, nikashuka mbio. Alikuwa ameanguka kando ya debe, midomo rangi ya majivu. Kabale alisukuma mlango, akamnyakua, akakimbia naye hadi zizini, mahali palipokuwa na upepo. Pale katikati ya mbuzi, mtoto akavuta pumzi.

Hospitalini benchi lilijaa wanawake wa mtaa wetu. Daktari aliitwa Anderson, kijana mkali. Akamsikiliza mtoto kifua, akauliza mbele ya wote amevuta moshi gani.

Nilihisi macho yote yananigeukia. Mimi, dereva wa Kahin.

"Ni ya mama yake," nikasema. "Anafukiza vibuyu ndani ya nyumba."

Kabale alinitazama.

Anderson alimkaripia pale pale. Kabla ya saa sita, mtaa mzima ulijua kwamba Kabale nusura aue mtoto kwa vibuyu. Mama yangu mzazi alikuja akavichukua vyote. Tangu siku hiyo mke wangu hakufukiza kibuyu tena. Chai ya nyumbani kwangu ikapoteza ladha, nami nikainywa miaka thelathini na minane bila kufungua mdomo.

Kabale alifariki miaka mitatu iliyopita.

Bisharo alipona, lakini si kabisa. Mpaka leo anatembea na ile dawa ya kupuliza mdomoni. Anafanya kazi hifadhi ya Leparua, na mwezi uliopita walipewa pikapu mpya ya dizeli. Tulikuwa ndani yake mimi nikiendesha, mara taa ikawaka. Gari likaandika kilomita zilizobaki kabla ya kukataa kuwaka.

Dizeli imejaa. Oili sawa. Nikabaki kutoa macho.

Bisharo akasema dawa ya ekzosi imekaribia kuisha. Nikasimamisha gari pembeni, nikacheka. Nikamwambia lori la Kahin halikuwahi kunywa dawa, na mjini kuna fundi anayeweza kukikata hicho kifaa cha dawa kabisa.

Hakucheka. Alinieleza polepole kwamba injini ya dizeli ina joto kali mpaka hewa yenyewe inaungua, inatoa gesi inayokula mapafu, na macho hayaioni. Magari mapya yana chujio la kunasa masizi, na hiyo dawa inapuliziwa ndani ya ekzosi kuivunja gesi, itoke hewa ya kawaida na mvuke.

Nikauliza ni dawa gani hiyo.

"Ni maji safi na urea, Aba. Ya kiwanda, usije ukaniletea ya mbuzi. Lakini urea ndiyo iko kwa mkojo ya mbuzi, ikioza inachoma pua."

Nilishuka, nikakaa mchangani. Nilimtoa mtoto kando ya zizi kwa sababu ya harufu ile, nikampeleka kwa moshi.

Akashuka pia. Akasema fundi asiguse gari, yeye huo moshi anaujua.

Na mimi, mzee na mvi zangu, nikajibu haraka kwamba ule uliomwangusha utotoni ulikuwa wa vibuyu vya mama yake.

Bisharo alipuliza dawa yake, akashusha pumzi.

"Aba, mimi ndiye nilikuwa kwa hiyo debe. Na hospitali nilikuwa macho. Nilisikia."

Nikamuuliza kwa nini hakuwahi kusema.

"Mama alinikataza. Alisema utasema mwenyewe."

Alinisubiri miaka thelathini na minane.

Ndiyo maana naandika hapa, mbele ya watu, kwa sababu yeye alilaumiwa mbele ya watu. Kabale hakumdhuru mtoto. Ni mimi. Na wewe unayesoma, kama kuna mtu amebeba kosa lako, mtue leo akiwa bado anasikia. Sasa nitukane.