Soja wa Bisil alishukiwa kuharibu paneli za solar, kumbe ubaya ulikuwa ndani ya crystal

Wakuu, salamu kutoka Kitengela. Hii sikusimuliwa, nilikuwa hapo.

Mimi ni fundi wa kupima solar. Mteja wangu mmoja, Mama Hodhan, anauza maziwa ya ngamia pale Bisil. Alinipigia simu akiwa moto.

"Fundi, friji zinazima mchana na jua liko. Kuna mtu anaharibu paneli zangu."

Mtu mwenyewe alikuwa ameshamchagua. Lemayian, soja wake, yaani mlinzi wa duka.

Kwa nini yeye? Nguvu ilianza kupungua muda mfupi baada ya yeye kuingia kazi. Halafu jirani alimwona juu ya mabati, paneli zilipo. Halafu alionekana akinywa chai na mwenye duka la ng'ambo ya barabara, ambaye pia anauza maziwa.

Hata mimi nilimshuku. Nilimsalimia kwa Kimaasai, "Sopa," akaitika bila kuniangalia. Nikajiambia, huyu ako na kitu.

Paneli kwa macho zilikuwa safi, glasi haina hata mkwaruzo. Hapo ndio shuku ilizidi, maana ukigonga paneli kwa nyuma, cell, vile vipande vya kutengeneza umeme, zinaweza kupasuka ndani na glasi ibaki nzima.

Tukashusha moja, tukaiingiza stoo, tukaziba dirisha na blanketi. Nikaipitishia current. Ukifanya hivyo cell hutoa mwanga ambao macho haioni, lakini camera yangu inaona. Palipo pazima panang'aa. Palipo na kasoro panabaki giza.

Mama Hodhan alikuwa nyuma ya bega langu. "Umeona alipogonga?"

Sikuona ufa. Ufa huwa mstari mkali, kama kioo ya simu ikianguka. Hapa kulikuwa na madoa kama moshi. Na doa lile lile, shape ile ile, lilikuwa kwa cell ya kwanza, ya pili, ya tatu...

Wakuu, hizi cell hukatwa kutoka kwa bonge moja la crystal, kama mkate wa slice. Mkate ukiwa na doa katikati, slice zinazofuatana zote zitakuwa nalo. Hakuna rungu inaweza kupiga cell zote mahali pamoja hivyo.

Crystal ilikuzwa vibaya huko kiwandani. Na kasoro zingine za aina hii huzidi paneli ikikaa juani, ndio maana nguvu ilipungua baadaye.

Tukashusha zingine. Madoa tu, hakuna ufa.

"Mama, hizi zilikuja hivi. Soja hajafanya kitu."

Akamwita Lemayian, akamuuliza alikuwa anafuata nini juu ya mabati.

"Kupanguza vumbi. Si ulisema friji zinazima?"

"Wallahi nimekukosea. Nisamehe."

"Nimekusamehe, mama. Lakini kabla fundi aje, ulipekua mfuko wangu mbele ya bibi yangu."

Akachukua shuka yake akaenda. Hakurudi tena.

Aliyemuuzia paneli alizibadilisha, friji zinafanya poa. Lakini nilipita huko juzi, nikakuta Mama Hodhan akimwangalia soja mpya na jicho la pembe.

Nilichojifunza: shuku haihitaji ushahidi, inajitafutia. Pima kwanza.

Je, nyinyi mngefanya nini ndio Lemayian arudi? Ama mngemwacha aende? Nawasoma.