Nilipoombwa Radhi Nikauliza Kosa

Ipo siku moja ambayo kila nikiikumbuka, mwanangu Mueni, nasikia harufu ya kitambaa kilichoungua. Nakuandikia badala ya kukupigia simu kwa sababu unanijua. Kwenye simu nitasema "haya, sawa, sawa," na maneno yenyewe yatabaki kooni. Niliishia darasa la nane na mkono wangu ni mzito, kwa hiyo barua hii itanichukua siku mbili au tatu. Usiucheke mwandiko.

Uliniambia kwamba Jumatatu unaanza kazi kule Matuga, na kwamba mama unayechukua nafasi yake atakaa nawe wiki moja akikufundisha, kisha aondoke. Ukasema hujui utamwambia nini siku yake ya mwisho, kwa kuwa humjui vizuri. Hilo ndilo lililonifanya nitafute kalamu. Mimi nami sikujua, na kutojua kwangu kulimuumiza mtu.

Nilikuwa na miaka ishirini. Nilikuwa nimetoka shambani kwetu, huku juu Shimba Hills, ambako babu yako alihamia kutoka Ukambani alipogawiwa shamba. Tulikuwa watu wa mahindi, michungwa na kanisa. Pwani tuliishi, lakini tuliishi kivyetu. Kisha nikapata kazi katika londri ya hoteli moja Diani. Nilikuwa na haya nyingi mno. Nikisalimiwa na watu wawili kwa pamoja nilishindwa kujua nimjibu nani kwanza, basi naishia kutomjibu yeyote, nao wakidhani nina kiburi.

Aliyenipokea alikuwa Bi Mwanakombo, mwenyeji wa Jego, mama mtu mzima aliyekuwa amefanya kazi mle miaka mingi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akanitazama mikono badala ya uso.

"Mikono ya jembe hii," akasema. "Haidhuru. Shuka halijui."

Labda wewe hujapata kuona mashuka ya hoteli yanavyokunjwa. Shuka la kitanda kikubwa halikunjwi na mtu mmoja. Mnasimama wawili mkitazamana, kila mmoja ameshika kona mbili. Mnavuta pamoja, mnakung'uta, halafu mnaendeana mpaka mikono yenu inakutana. Hapo mwenzako anakuachia kona zake uzishike wewe, naye anainama kushika pale lilipopinda, mnaanza tena. Ukivuta kabla ya mwenzako, shuka linakwenda upande. Mimi nilikuwa navuta kabla.

"Mutua! Unavua samaki?" alikuwa akinipigia kelele, na londri nzima wanacheka. "Nitazame mimi, usilitazame shuka. Nikivuta, uvute."

Wiki mbili baadaye tulikuwa tukikunja bila kusema neno. Alikuwa mtu wa kwanza katika kazi ile ambaye sikumwogopa.

Wiki ya tatu kiliungua kitambaa cha meza. Kilikuwa kikubwa, cheupe, cha karamu ya harusi, kikatoka kwenye mashine ya pasi kina alama ya kahawia pana kama sufuria. Asubuhi hiyo tulikuwa tumepokezana mashine, mimi na Bi Mwanakombo, na hakuna aliyeweza kusema kiliungua mikononi mwa nani. Bi Mwanakombo alimwambia msimamizi wetu, Bwana Kalume, "Mashine hiyo mbovu, nimesema siku nyingi." Bwana Kalume hakumsikiliza. Alinipa mimi barua ya onyo, kwa kuwa nilikuwa mgeni na bado nilikuwa katika miezi mitatu ya majaribio.

"Ukipata ya pili," akasema, "utarudi kwenu ukapalilie."

Niliikunja barua ile nikaitia mfukoni. Niliamini ni mimi. Nilijaribu kukumbuka mkono wangu ulikuwa wapi, sikukumbuka, na kwa kuwa sikukumbuka niliona lazima nilikosea.

Muda si mrefu Bi Mwanakombo akatuambia anaacha kazi. Mama yake mzazi huko Jego alikuwa ameanguka, hainuki kitandani, na hapakuwa na mwingine wa kumtunza. Siku yake ya mwisho ingekuwa Ijumaa. Nilitaka kumwambia kwamba bila yeye sitaiweza kazi. Nilizunguka na maneno hayo wiki nzima.

Alhamisi tulikuwa tunakunja. Tulipokaribiana, mikono yetu ikakutana juu ya shuka, naye hakuniachia kona. Akasema kwa sauti ya chini, "Mwanangu Mutua, kesho inshallah naondoka. Nilipokukosea, unisamehe."

Mwanangu, niliganda pale pale. Kwetu mtu akikuomba msamaha amevunja kitu. Anakuja na kosa lake mkononi, analitaja, ndipo unamsamehe. Sikuwahi kusikia mtu akiomba msamaha wa kosa lisilo na jina. Nikamwuliza, "Umenikosea nini?"

Alitabasamu, akangoja. Sikujua anangoja nini. Nilimtazama, naye akanitazama, shuka liko kati yetu.

"Si kitu, mwanangu," akasema mwishowe, akaniachia kona.

Kuanzia hapo kichwa changu hakikutulia. Amenikosea nini? Nilirudi nyuma siku baada ya siku nikitafuta. Nikaikumbuka ile siku ya kitambaa. Nikakumbuka alivyokimbilia kusema mashine ni mbovu. Kumbe alikuwa anajitetea? Kumbe ni yeye, akaniacha nipewe barua? Halafu najiambia hapana, Bi Mwanakombo hawezi. Halafu najiuliza, sasa msamaha ni wa nini? Mtu yule yule aliyenifundisha kazi sasa nilimwona ana nyuso mbili, na sikujua upi ni wake.

Kosa langu kubwa ni kwamba siku ile ile nilimwambia Kevo. Kevo alikuwa kijana wa mashine za kufulia, mzaliwa wa Nairobi anayeishi Ukunda, mcheshi, si mtu mbaya.

"Mathee amekuomba sori?" akasema. "Bro, mtu haombi sori bure. Si ni kile kitambaa! Amekuchomea, sasa anaenda, roho inamsumbua."

Sikusema ndiyo. Lakini sikusema hapana, na kufika saa ya chakula londri nzima ilikuwa imeshapata habari.

Ijumaa Bi Mwanakombo alikuja na mahamri ya kuagia, kapu zima, yamefunikwa kwa kitambaa chake mwenyewe, na chupa mbili za chai. Aliyapanga juu ya meza ya kukunjia. Watu walisogea wachache, wakachukua mojamoja bila kumtazama, wakarudi kwenye kazi zao. Mimi sikuchukua. Nilisimama kando ya mashine nikijifanya nahesabu foronya. Niliona jinsi alivyotuangalia mmoja mmoja, kisha akaanza kuyarudisha mahamri kwenye kapu polepole, kama mtu anayepanga mayai.

Alipokuwa anatoka alipita kwangu. "Haya, Mutua. Usivute kabla ya mwenzako."

Nikasema, "Haya." Nililiambia kapu, sikumwambia yeye.

Jumatatu mashine ile ilichoma kitambaa kingine. Mimi sikuwa karibu, na Bi Mwanakombo alikuwa Jego. Aliyekuwa akiishughulikia alikuwa Kevo. Alama ilikuwa ile ile, ya kahawia, pana kama sufuria. Fundi akaja akaifungua, akasema sehemu ya kupunguza moto imekufa zamani. Bwana Kalume akatoa nakala yake ya ile barua yangu ya onyo akaichana mbele ya watu. Wenzangu wakanipigia makofi. Ilinipasa kufurahi. Badala yake nilirudi kwenye swali lile lile. Kama si mimi na si yeye, basi Bi Mwanakombo aliniomba msamaha wa nini?

Jioni nikapita kwenye lango la wafanyakazi, pale tunapokaguliwa mifuko. Askari alikuwa Mzee Juma, mtu wa Msambweni. Akanikagua huku anaongea.

"Ijumaa mwenzenu kanipa mahamri, nimekula na wanangu siku mbili. Nikajiuliza, hawa watu wa londri hawali?" Kisha akaniuliza, "Nanyi mliagana vizuri?"

"Aliniomba msamaha," nikasema.

"Ehe, naam. Ukamjibuje?"

"Nikamwuliza amenikosea nini."

Mzee Juma aliacha kukagua. Alinirudishia mfuko wangu ukiwa wazi. "Lo, kijana! Huulizi! Sisi tukiachana tunaombana radhi. Mmekaa pamoja, mmesemeshana, huwezi kujua ni neno gani lilimchoma mwenzio akanyamaza. Ndiyo maana unaomba. Unaambiwa nisamehe, unasema nimekusamehe, nawe unisamehe. Basi. Mtu anakwenda zake mwepesi."

"Na usipomjibu?"

"Anakwenda na mzigo," akasema. "Hujui kama mtaonana tena."

Usingizi wangu wiki hiyo haukuwa usingizi. Siku yangu ya mapumziko ilipofika nilikwenda Jego. Nilipita Msambweni, nikapita Ramisi penye miwa, na sikumbuki nilichokiona njiani, maana nilikuwa nikipanga maneno. Nilipofika yote yalikuwa yamepotea.

Nilimkuta uani anaanua nguo. Siku hizo alikuwa akifua mashuka ya mama yake kila siku. Alikuwa anajaribu kukunja shuka peke yake, kona mbili amezibana kwa kidevu, upande mmoja unaburuza mchangani. Aliponiona hakushangaa, au hakuonyesha.

Nilimwamkia. Akaitikia. Nikasimama.

"Mashine ilikuwa mbovu," nikasema. Hayo ndiyo yaliyotoka.

"Nilisema siku nyingi."

"Nilidhani ni wewe uliyechoma. Nilimwambia Kevo kwamba umeniomba msamaha. Wakasema ni wewe, nami nikanyamaza."

Alilitoa shuka kidevuni. "Nilijua," akasema. "Niliona macho yenu kwenye mahamri."

"Mbona hukujitetea?"

Ndani ya nyumba mama yake alikuwa anakohoa, naye akageuza kichwa kusikiliza mpaka kikohozi kikatulia. Kisha akasema, "Ningesema si mimi, lawama ingemrudia nani? Mimi nilikuwa natoka, Mutua. Wewe ulikuwa unaingia." Halafu akaongeza, na hili sitalisahau, "Lakini liliniuma. Nisikudanganye."

Mpaka leo sijui vizuri kwa nini mtu aliyenijua wiki chache tu alinibebea lawama ile, na mimi niliyefundishwa naye nikashindwa kumpa neno moja. Nilimwuliza swali la kijinga, kwa sababu lilikuwa bado linanikereketa. "Sasa mimi ulinikosea nini?"

Bi Mwanakombo alicheka mpaka akajifuta macho kwa leso. "Yarabi! Bado anauliza!" Kisha akanitupia kona mbili za shuka. "Shika. Tangu nije nakunja peke yangu, nimechoka kufua vumbi."

Tulivuta. Tukakung'uta. Tulipoendeana na mikono yetu ikakutana, nilijikaza nikasema, "Nimekusamehe, Bi Mwanakombo. Nawe unisamehe." Nilisema kama mtoto anayesoma mbele ya darasa.

"Nimekusamehe, mwanangu. Dunia na ahera," akasema, na safari hii akaniachia kona.

Nilirudi Diani jioni ile na mahamri manne kwenye karatasi. Kevo alikula mawili, nikamweleza yote. Mwezi uliofuata alikwenda Jego mwenyewe.

Sasa sikiliza, mwanangu. Mtu anapoingia kazini macho yake yote huwa kwake mwenyewe. Nitaweza? Watanipenda? Wataniacha? Mimi nilijitazama hivyo hivyo, na mwenzangu akapita mbele yangu akitoka, nami sikumwona. Wewe mtazame huyo mama. Kiti utakachokikalia amekikalia yeye miaka mingi, na siku ya mwisho itamtisha kuliko ya kwanza inavyokutisha wewe. Huna haja ya kungoja umjue vizuri ndipo umuage vizuri. Akikuomba radhi, usimwulize kosa. Mpe, kisha uombe yako. Ikiwa yeye si mtu wa desturi hiyo, anza wewe, na akishangaa kama mimi nilivyoshangaa, mweleze, usimwache alale akijiuliza.

Na mengine ya kazini usipoyaelewa, maana yatakuwa mengi, waulize wenye nayo. Mimi nilimwuliza asiyejua zaidi yangu, kwa sababu niliona haya kumwuliza anayejua. Haya uliyonirithi si mbaya, lakini isiwe sababu ya kunyamaza mtu anaposingiziwa. Siku ile neno "hapana" lingetosha.

Mkono umechoka. Mungu akufungulie milango ya kazi yako, akupe wenzako wa kuvuta nawe kwa pamoja, akuepushe na lawama isiyo yako na akuzuie kumtwika mwingine iliyo yako. Kila utakapoondoka, uondoke mwepesi, na utakaowaacha wabaki wepesi.

Nami, mwanangu, kabla hujaenda huko Matuga: nilipokukosea, unisamehe. Usiniulize nini.

Baba yako,
Mutua