Mto Ulipoingia Kwenye Video

Jumapili ile nilimtoa mama yangu matembezi. Alikuwa amekuja kwa treni kutoka Kidete, mara yake ya kwanza tangu nipange chumba mtaa wa Magomeni hapa Kilosa na kuanza kushona nguo, nami nilitaka aone kwamba mji wetu haukuwa tena ule wa kupanga foleni ya sukari. Maduka yalijaa sabuni za kila rangi, mitumba ilitandazwa chini hadi karibu na stendi. Na sasa tulikuwa na kibanda cha video.

Tulianza na chakula. Jirani yangu, mama mmoja mnene mcheshi, alikuwa akikaanga mihogo na perege mbele ya kibanda hicho.

"Shikamoo, mama," alimwambia mama yangu.

"Marahaba, mwanangu. Harufu yako imenivuta tangu kule njiani."

Mama alimaliza perege mzima, akafyonza na kichwa, akalamba pilipili vidoleni. Nilifurahi kumtazama. Kisha nikamshika mkono tukaingia ndani taratibu, maana goti lake lilikuwa bovu na alitembea kwa mkongojo.

Kuta zilikuwa za fito na udongo, na madirisha yalizibwa kwa magunia ili pawe giza. Mlango ulikuwa mmoja. Kanda zililetwa na madereva wa malori waliolala Mikumi, na siku hiyo tulipata picha ya Kihindi. Mama hakuwa ameona kitu kama hicho maishani.

"Hawa watu wako wapi?" aliniuliza.

"Wako mbali, mama. Ni picha tu."

"Mbona huyu ananitazama?"

Watu wakacheka, naye akacheka. Harusi ilipoanza, ukumbi mzima ukaimba maneno ambayo hakuna aliyejua maana yake.

Hapo ndipo niliposikia baridi kwenye nyayo. Nilidhani mtu amemwaga soda, nikavuta miguu. Kidogo tu, vidole vikazama, na yale maji yalikuwa yanatembea. Kilosa hapakuwa na tone la mvua tangu asubuhi. Mawingu yalikuwa yamekaa huko juu milimani tu.

Sauti ikapiga kelele nje: "Mto! Mkondoa umetoka!"

Wengine walidhani ni mzaha. Mara mabenchi yakapinduka na watu wote wakaukimbilia ule mlango, na kwa kuwa ulifungukia ndani, kadiri walivyousukuma ndivyo ulivyozidi kubana. Maji yalifika magotini. Bibi harusi bado alikuwa anaimba.

"Nazima!" alipaza sauti mwenye video. "Umeme utatuua!"

Giza likatumeza. Sijawahi kuogopa namna ile. Nilisikia watu wakiita mama zao, watu wazima kabisa, nikasikia mkongojo wa mama ukigonga benchi na kuchukuliwa na maji. Nilipapasa nikaishika kanga yake, nikaifunga ncha yake kwenye kifundo cha mkono wangu, nikakaza kwa meno.

"Niache," alisema. "Mimi sina mbio. Wewe toka."

"Sikuachi, mama."

Akaanza kusali kwa Kikaguru, lugha aliyokuwa akiongea na bibi yangu tu, kwa sauti ya chini kama ya mtoto. Sala ile ilinitisha kuliko maji. Nilielewa kwamba ameshakubali kufa.

Ndipo ukuta ulipoanza kutikisika nyuma yetu.

"Sogeeni! Tunabomoa!"

Ilikuwa sauti ya jirani yangu. Jembe lilipenya, udongo ukaporomoka, mwanga ukaingia. Mikono ilimvuta mama kwenye tundu, fito zikimchuna mgongo, nami nikafuata kwa sababu nilikuwa nimefungwa kwake. Nje maji mekundu yalifika kiunoni. Watu walishikana mikono mpaka kwenye tuta la reli, na mwanamume mmoja nisiyemfahamu akambeba mama mgongoni.

Juu ya tuta kila mtu aliita mtu wake, na kila aliyeitwa kutoka kibandani aliitika. Hatukupoteza mtu. Nilimwona jirani yangu amesimama na jembe mkononi, amelowa hadi kitambaa cha kichwani.

"Na samaki wako?" nilimuuliza, sijui kwa nini.

"Wamerudi kwao," akasema, akacheka. Kisha akaketi kwenye reli akalia. Mama alijikokota hadi pale, akamkumbatia, wakalia pamoja.

Reli ilikatika huko juu, kwa hiyo mama hakuweza kurudi Kidete mpaka ilipotengenezwa. Alikaa kwangu. Kila alasiri mawingu yalipojikusanya, aliacha alichokuwa akifanya, akaenda kusimama uani akitazama milimani. Nami niliacha cherehani yangu, nikasimama naye. Hatukurudi ndani mpaka mawingu yapite.