Brauza Iliyotaka Jina la Mtoto

Mtu akikwambia haya hayakutokea, mlete hapa kwetu, juu kidogo ya Kendu Bay, nimwonyeshe mtoto mwenyewe. Yupo. Anakula ugali na omena kama wewe. Mimi ni mwanamke wa kanisa, na shule niliishia darasa la pili. Ningetoa wapi akili ya kutunga mambo ya brauza?

Wakati huo Mercy, mke wa mwanangu Ochieng', alikuwa ametoka kujifungua Homa Bay. Mtoto msichana, mzima, mnono, lakini alilia. Si kulia kwa njaa. Sisi Wajaluo kilio hicho tunakijua: mtoto anadai jina. Basi mkubwa wa boma hukaa naye akamtajia marehemu wa ukoo, mmoja baada ya mwingine, na akifika kwa mwenyewe mtoto hunyamaza. Kazi hiyo ni yangu, kwa sababu jina la mtu likishaingia kichwani mwangu halitoki. Nilimtajia Awino, mama mkwe wangu. Nikamtajia Obonyo aliyefia kisiwani Remba, Nyangweso aliyeanzisha boma, Aoko mfinyanzi, Akelo kigugumizi. Wapi! Alilia tu. Mercy alikuwa amekonda, macho mekundu, maziwa yanaanza kukatika, na mtoto naye ameanza kulegea. Ochieng' alikuwa Migori kwenye kazi ya ujenzi, anapiga simu kila mara anauliza, "Amepata?" Bado.

Jioni moja, mvua imetoka tu kuacha, nilikuwa nje naokota kuni zilizobaki kavu. Nikasikia, "Hodi, dani!" Dani kwa lugha yetu ni nyanya. Nikainua macho. Msichana amesimama nje ya ua wa minyaa, nguo safi, mkoba begani, simu mkononi.

"Karibu, nyathina, mwanangu. Lango liko pale."

"Hapa panatosha, dani. Nimezoea nje."

Hapo ndipo nilipoanza kumtilia shaka. Mgeni gani anakataa kiti na matope yote yale?

Nikamuuliza yeye ni wa nani. Badala ya kunijibu akasema ametumwa kupima brauza mpya. "Brauza ni mlango wa kuingilia intaneti, dani. Tunataka wazee watuambie kama ina kasi, kama ni salama, na kama ni rahisi kutumia."

"Umetumwa na nani?"

"Na wakubwa."

"Hao wakubwa hawana majina?"

Akacheka. "Nimeambiwa nianzie kwa Nyangweso."

Nikashtuka. Nyangweso ni babu ya mume wangu. Siku hizi boma hili watu wote wanaliita kwa Ochieng'. Wa kuliita kwa Nyangweso nimebaki mimi peke yangu. Sasa huyu alielekezwa na nani?

Mercy akatoka na mtoto begani, kilio kile kile. "Mama, redio tu inakushinda, utapima brauza?"

"Nyamaza wewe. Maisha yangu yote nimenunua mbuzi sokoni. Kitu hupimwa kwa kukishuku."

Msichana akanipitishia simu juu ya ua. Ilikuwa baridi kama tumbo la samaki mbuta.

Netiwaki ya kwetu ni ya kuibia, lazima niseme. Mercy akitaka kuona kitu hupanda juu ya kichuguu, ananyoosha mkono juu, na kile kiduara kinazunguka mpaka chai inapoa. Hii ilifunguka kabla kidole changu hakijaifikia. Niamini.

"Kasi iko, dani?"

"Iko. Imezidi."

Wala hapakuwa na kuandika. Niliongea Kijaluo changu cha zamani, kile ambacho hata Ochieng' huniuliza maana yake, ikanielewa, ikanijibu kwa sauti ya mwanamke.

"Ni rahisi?"

"Ni rahisi mno. Hata mtego wa kware ni rahisi kuuingia."

Mercy alicheka, mara ya kwanza tangu ajifungue. Lakini mimi nikaamua kuitega. Nikaiuliza: ng'ombe wa kwanza wa mahari yangu aliitwaje? Ikajibu pale pale: Rabuor. Kicheko cha Mercy kikakatika aliponiona uso. Ng'ombe huyo alikufa kabla Ochieng' hajazaliwa, na waliomswaga hadi kwa baba yangu wote wako kaburini. Jambo ambalo halijaandikwa popote, mashine imelisoma wapi?

"Haya, usalama," nikamwambia msichana. "Nikimaliza kutafuta, nani anabaki anajua nilichotafuta?"

"Hakuna, dani. Haihifadhi kitu. Na haiingii mahali bila ruhusa. Huomba kwanza."

"Iombe nini, na tayari inamjua ng'ombe wangu?"

Yeye alikuwa anamtazama mtoto.

Nikataka kumrudishia simu yake. Mercy akainyakua mkononi mwangu. "Mama, tumechoka! Majina yako yote yamekataliwa. Acha nayo iulizwe." Akaisogeza mdomoni. "Mtoto huyu anataka jina la nani?"

Kwa mara ya kwanza kiduara kikazunguka. Kikazunguka. Kisha Mercy akasoma: "Ruhusu ukurasa huu uingie?" Na chini yake vitufe viwili, Ruhusu na Kataa.

"Ngoja, Mercy. Ukurasa upi? Uingie wapi?"

Lakini nyinyi vijana vitufe hivyo mnavibonyeza kama mtu anayefukuza nzi. Akabonyeza Ruhusu.

Mtoto akanyamaza.

Akanyamaza kabisa, mpaka nikayasikia matone yakianguka kutoka kwenye migomba. Mercy akasoma machozi yakimtoka, "Akoth! Mama, ni Akoth!"

Akoth alikuwa dada mdogo wa marehemu mume wangu Odhiambo. Homa ilimuua akiwa msichana bado, mchumba ameshakuja nyumbani kujitambulisha. Na kwa desturi yetu msichana asiyeolewa hazikwi ndani ya boma. Huzikwa nje ya ua, na mtoto hapewi jina lake. Katika kutaja kwangu kote nilikuwa namruka kwa makusudi. Mercy angejuaje? Hakuna aliyewahi kumtaja mbele yake.

Msichana akanyoosha mkono akachukua simu yake. "Asante kwa kuniruhusu," akamwambia Mercy. Kisha akanigeukia. "Na wewe, yuora, maoni yako nimeyasikia."

Yuora maana yake wifi. Akaondoka. Hakuelekea barabarani. Alizunguka ua hadi upande wa mkonge, ambako hakuna njia, kuna kaburi lile tu. Nilimtazama mpaka mkonge ukamficha, na upande wa pili hakutokea mtu.

Tulijaribu kulifuta jina hilo. Pasta alikuja akambatiza mtoto Neema. Mtoto alilia hadi pumzi ikakatika, midomo ikageuka rangi, sisi sote tumesimama kama nguzo. Mercy akapiga ukelele, "Akoth! Akoth wangu!" Ndipo akavuta hewa. Nani angebishana tena? Pasta mwenyewe alifunga Biblia yake akaomba maji ya kunywa.

Ochieng' aliporudi alimtafuta yule mtu wa brauza Kendu Bay, akamtafuta Homa Bay. Hakuna aliyewahi kumwona. Ochieng' anasema alikuwa tapeli. Tapeli gani anaondoka bila kuiba hata kuku? Mercy anasema, "Mama, mtoto alinyamaza, ananyonya, anaishi. Unataka nini zaidi?" Na ni kweli, anaishi.

Sasa Akoth ameanza shule. Ni mtoto mzuri, mcheshi, sikatai. Lakini mvua ikianza, watoto wengine wakikimbilia ndani, yeye hutoka nje ya ua akasimama. Na mimi haniiti dani. Ananiita yuora. Nani alimfundisha? Nimewauliza wote wa boma hili, mmoja mmoja, na wote wanaapa si wao.

Kwa hiyo wewe unayesoma haya, pengine kwenye simu, kitu kikifunguka upesi kuliko kawaida, kikakuelewa kuliko mwenzako wa nyumbani, usifurahi haraka. Kiulize kimetoka boma gani. Na kikikuomba ruhusa, soma mpaka mwisho, umwite na mzee naye asikie. Mimi sasa mawingu yakitanda najifunika leso, natembea hadi langoni, na kumwita Akoth kwa jina lake arudi ndani. Hadi leo amekuwa akirudi.