Nilimmalizia mke wangu ukingo wa shali ya mtoto, nikaambiwa nifumue. Hadi leo sijaelewa

Wakuu, habari za muda huu.

Nimekaa na hili jambo kichwani nikaona bora nilitue hapa. Ni kweli tupu. Ni habari ya kufuma, na sijui mtu atapata faida gani kudanganya kuhusu kufuma.

Mimi nauza spea za magari mtaa wa Gerezani, naishi Buguruni. Mfumaji ni mke wangu. Anafumia watoto wa watu sweta, kofia na soksi, maana joto lote hili la Bongo lakini mtoto mchanga lazima avalishwe utadhani anapanda Mlima Kilimanjaro. Hilo nalo sijawahi kulielewa, ila tuliache.

Mimba yake ya kwanza hatukurudi na mtoto nyumbani.

Hii ilikuwa ya pili. Mwezi wa mwisho presha ikapanda, akalazwa. Nyumbani akaacha shali ya njano, imekamilika yote isipokuwa ukingo wa juu. Vitanzi vimejipanga kwenye sindano ya kufumia, havijafungwa.

Nikawaza, mwenzangu amelala kule na stress zake, ngoja nimmalizie. Akirudi na mtoto akute shali iko tayari.

Nikaangalia video mtandaoni. Unafuma vitanzi viwili, cha kwanza unakivusha juu ya cha pili, unaenda hivyo hivyo mpaka mwisho. Nikajiona fundi.

Tatizo mkono wangu umezoea nati. Kila kitanzi nilikikaza kisawasawa. Kufika mwisho, ukingo wa juu umejivuta kama mdomo wa mfuko wa kamba, na pembeni kote shali inajikunja yenyewe. Unainyoosha, ukiachia tu inarudi.

Mama mkwe alikuwa amekuja kukaa nasi kipindi hicho. Akaikuta kwenye kochi.

"Baba, umeimaliza?"

"Ndiyo mama. Kingo tu ndizo zinanigomea."

Akaitazama, akaingia jikoni. Siku nzima hakuongea tena. Mambo ya ukwe mnayajua, yeye hawezi kukwambia kitu usoni na wewe huwezi kumbana. Nikajua anasikitikia kazi yangu mbovu. Kwa kweli niliona aibu.

Kesho yake nikaibeba hadi Kariakoo, kwenye duka ambalo mke wangu hununua nyuzi. Mwenye duka ni mama wa Kiarabu, mtu mzima, tunamwita Bi Shamsa. Nikamwamkia, akaitikia, nikaitandaza shali mezani. Akauvuta ule ukingo, akacheka.

"Umekaza mno, mwanangu. Ukingo unafungwa kwa mkono mlegevu, au unatumia sindano nene kidogo. Na huku pembeni pazungushie mistari ya kroshia, patatulia."

Akachukua kroshia, ile sindano yenye ndoano, anionyeshe. Kabla hajaanza akauliza, "Mtoto ana siku ngapi?"

"Bado hajazaliwa."

Akaiweka kroshia chini.

"Mkeo ndiye kakutuma umalize?"

"Hapana, nimeamua mwenyewe."

"Basi fumua. Kitu cha mtoto hakimalizwi mwenyewe hajafika. Mkeo kaacha wazi makusudi."

Nikamwambia mimi siamini mambo hayo. Akasema hajaniuliza kama naamini.

Wakuu, siamini kweli. Lakini nilikumbuka ile mara ya kwanza. Kila kitu kilikuwa tayari, kimekunjwa kwenye beseni chumbani, hadi soksi. Nilikaa kwenye kibenchi pale dukani nikafumua, kitanzi kimoja kimoja nikirudisha kwenye sindano. Watu wanapita na mizigo yao wanamshangaa baba mzima na uzi wa njano. Niliogopa, sifichi.

Jioni mama mkwe akaiona shali ilivyo. Alinitengea chakula akaniambia, "Kula baba, kisipoe." Hapo ndipo nikaelewa jana alinyamazia nini.

Siku zilizofuata nilikuwa nikiamka, kabla hata ya kupiga simu hospitali, naenda kuangalia kama vitanzi viko kwenye sindano. Mtu asiyeamini huyo.

Akazaliwa salama. Wa kike, ana sauti ya honi ya lori.

Siku waliyorudi nyumbani, mke wangu akakaa kitandani akaomba shali yake. Akaigeuza mara moja tu.

"Nani kaigusa hii? Vitanzi vingine vimekaa kinyume."

Mama mkwe akatazama dirishani. Nikasema yote. Halafu nikamuuliza kama kweli aliacha kwa sababu ya mwiko.

"Mwiko gani? Niliacha ili nibaki na kazi ya kunirudisha nyumbani. Kule nikizidiwa na woga nilikuwa nauwaza huu ukingo. Najiambia lazima nirudi nyumbani, mimi si mtu wa kuacha kitu nusu."

Mama mkwe akasema huku bado anatazama nje, "Mimi ndiye niliyemkataza asimalize. Asikudanganye."

"Ulinikataza, mama, lakini sikuacha kwa ajili hiyo."

Wakabishana pale, mimi nimesimama katikati na mtoto mkononi, simwelewi hata mmoja. Mwishowe mke wangu akampokea mtoto, akanipa sindano.

"Ulianza, malizia. Legeza mkono."

Nikamaliza, yeye akinisimamia. Ukingo wa juu safari hii umetulia. Mkia wa uzi akanionyesha namna ya kuupitisha ndani kwa ndani hadi hauonekani.

Somo nililopata: ukikuta kazi ya mtu imeachwa wazi, uliza kwanza. Inawezekana hakusahau.

Mengine nawaachia nyinyi. Mwiko, au kazi ya kumrudisha nyumbani, au vyote? Na kama siamini, kwa nini nilifumua?

Wafumaji pia mseme, hizi pembeni zinajikunja kwa sababu gani? Kroshia bado hatujazungusha. Mtoto amelala kapakamata hapo hapo panapojikunja, na mama yake kasema nisipaguse.