Tausi wa Mfukoni

Fundi tarizi alikuwa mtu mwema, ila kichwa chake kilikuwa kigumu kama kisigino. Mashine yake ya kushonea, ya kompyuta, ilijua kugeuza picha, kuilaza, kuikuza na kuipunguza, naye alikuwa amejifunza vitufe vyote isipokuwa kimoja: kile cha kupunguza mishono.

"Ukiifanya picha ndogo, punguza na mishono," mkewe alimwambia. "La sivyo itabanana."

"Mama watoto, mishono ni jasho la mtu. Haitupwi."

Sasa basi, tangu amwoe mke huyo, baba mkwe hakuwahi kumwita mwanangu. Alimwita "yule wa nyuzi", tena mbele za watu, na jambo hilo lilimkaa fundi kooni. Kwa hiyo mzee alipoleta shati la kuvaa siku ya kuagwa kazini, akitaka tausi mfukoni, fundi aliona mlango umefunguka. Akamchukua tausi wa pazia la sebuleni, mwenye mkia wa kufagia sakafu, akambana hadi akaenea kiganjani na mishono yake yote.

Mashine iligonga kutwa nzima. Sindano zilivunjika, jirani akaja kuuliza kama wanachimba kisima. Tausi alitoka mgumu kama sahani. Ukimgonga analia ko ko ko. Fundi alitaka kumfumua aanze upya, lakini mzee alishafika mlangoni.

Ukumbini, siku ya kuagwa, mzee hakuweza kuinama. Yeye aliyezoea kujikunja mbele ya kila bosi, leo alisalimia kifua mbele, maana akijikunja kidogo tu tausi anamchoma mbavu. Wakubwa wakababaika, wakaanza kuinama wao. Mkurugenzi akampisha kwenye kiti chake. Mzee akakataa, kwa kuwa hata kukaa kulimshinda.

Fundi, aliyekaa nyuma na wageni, alitamani ardhi ipasuke immeze.

Kesho yake mzee alibisha hodi, shati lile bado mwilini. Alikuwa amelala nalo, chali. Mkononi alikuwa na furushi la mashati yake yote.

"Mwanangu," alisema.

Fundi akageuka nyuma kuona anaitwa nani.

"Kazini nimeagwa, lakini nyumbani mama mkwe wako bado yupo, naye pia nimezoea kumwinamia. Nitilie tausi kwenye haya yote, na usipunguze mshono hata mmoja."

Mkewe alifungua mdomo aseme. Fundi alimtazama kwa macho ya kuomba. Mke akaufunga, akaenda kutafuta sindano.